Usiguse, Padre



Jumanne asubuhi alikuja ofisini binti mmoja kuomba cheti cha ubatizo kilichotolewa ndani ya miezi sita, kama Kanisa linavyotaka kwa wanaofunga ndoa. Usiku umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, kompyuta ya parokia ilijiwasha yenyewe, lakini orodha ya waumini ikakataa kufunguka. Niliogopa sana.

Kijana anayetusaidia alinituliza. PostgreSQL, programu inayotunza hifadhidata yetu, huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari lake la awali. Umeme ukikatika ghafla, ikiamka husoma daftari hilo na kujisawazisha. Majina yalikuwemo yote, ila programu yenyewe ilikuwa imelala. Siku tulipoiweka tuliipa amri ya start, ikaanza, tukafurahi, tukasahau enable. Amri hizi ni ndugu, lakini hakuna anayefanya kazi ya mwenzake. Start huamsha programu sasa hivi, na mashine ikizimwa, imekwisha. Enable haiamshi kitu saa hiyo. Huacha kiungo kidogo mahali ambapo systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hupita kila mashine inapowaka, akitazama nani wa kuamshwa.

Juma zima nimekaa na jambo hili mbele ya Danieli sura ya 6. Mfalme Dario ametia sahihi: kwa siku 30 asiombwe mungu wala mtu mwingine ila yeye. Danieli anasikia, anarudi nyumbani, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kwa siku. Kisha Maandiko yanataja jambo ambalo miaka yote nimelipita mbio: kwamba ndivyo alivyozoea tangu zamani. Amri ya mfalme ilimkuta na saa zake za sala.

Sala zetu nyingi ni za start. Semina, novena, mgonjwa ndani ya nyumba, nasi tunawaka. Sizidharau, hata Jumanne ile tulihitaji amri zote mbili. Ila baada ya msiba au safari, ni nyumba ngapi kwetu zinarudia rozari ya jioni bila katekista kuja kubisha hodi?

Kabla ya kuaga, kijana aliizima mashine makusudi, akaiwasha. “Usiguse, Padre.” Tukasimama watatu, kimya. Jina la binti likatokea, na chini yake la mama yake wa ubatizo.