Picha ya mwanamke huuza bidhaa gani?

MWENYE duka la vipuri vya pikipiki pale Manyovu, wilayani Buhigwe, alikuwa ametundika ukutani kalenda yenye picha ya mwanamke aliyekaa juu ya pikipiki akiwa nusu uchi. Nilikuwa natokea Kasulu. Pikipiki iliyonibeba ilikuwa imekata mnyororo, tukaingia hapo kununua mwingine. Dereva akichagua mnyororo, mimi nikamuuliza mwenye duka:

“Bwana mdogo, kalenda hii imekuletea wateja wangapi?”

Akacheka. “Ustadhi, anayetaka mnyororo anaulizia mnyororo. Wengine huingia wakaitazama, wakacheka, wakaenda zao.”

“Sasa umeiweka ya nini?”

“Ya kuangalia tarehe.”

Nikasogea karibu. Kalenda ilikuwa ya mwaka uliopita! Mwenyewe akaona haya, akaniambia kwamba mama mkwe wake akija kumtembelea huigeuza ikaelekea ukutani, na watoto wake wakitoka madrasa hufanya vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, tusimcheke kijana huyu. Kalenda kama hiyo hakuichapisha yeye. Imechapishwa mjini, imelipiwa na wafanyabiashara wa mjini, na baadhi yao tunaswali nao safu moja. Ukiwauliza watakujibu kwa mkato: “Biashara ni matangazo, na bila picha ya namna hiyo bidhaa haitoki.” Hebu tulitazame dai hilo. Je, ni kweli?

Wanaodai hivyo wana historia ya kutegemea. Katika miaka ya 1880 kampuni ya sigara ya W. Duke ya Marekani ilitia ndani ya pakiti kadi zenye picha za waigizaji wa kike, na biashara yake ikakua. Mwaka 1980 suruali za Calvin Klein zilitangazwa na binti wa miaka 15, kwa maneno yenye kuashiria uchi. Zogo likawa kubwa na suruali zikauzwa sana. Tangu hapo ikachukuliwa kuwa ni kanuni.

Lakini wataalamu walipokaa kuipima kanuni hiyo, mambo yakawa mengine. Mwaka 2015 Robert Lull na Brad Bushman wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikusanya matokeo ya majaribio 53 yaliyohusisha watu karibu 8,500. Waliona kwamba ngono na ukatili havisaidii kuuza. Bidhaa iliyotangazwa kwa picha za ngono ilipendwa kidogo kuliko iliyotangazwa bila picha hizo. Mwaka 2017 John Wirtz wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walipitia tafiti 78. Wakakuta kwamba watu hulikumbuka tangazo lakini hawalikumbuki zaidi jina la bidhaa. Wanaume hulifurahia tangazo, wanawake hulichukia. Ama nia ya kununua, haikuongezeka.

Sababu yake haihitaji shahada. Jicho ni moja, likishikwa na mapaja halisomi jina la mafuta ya injini. Alichonieleza yule kijana wa Manyovu kwa sentensi mbili ndicho walichokipata maprofesa: wanatazama, wanacheka, wanaondoka. Hata baadhi ya makampuni yameliona hilo. Abercrombie & Fitch, duka la nguo la Marekani lililojulikana kwa vijana wasiovaa mashati, lilitangaza mwaka 2015 kuachana na mtindo huo, baada ya mauzo yake kuwa yameshuka kwa muda.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tukiri jambo moja. Zipo bidhaa ambazo picha na bidhaa ni kitu kimoja: losheni, manukato, nguo. Hapo picha haipotezi jicho, bali inatoa ahadi: “Jipake hii, utakuwa kama huyu.” Madukani kwetu, mjini na mpakani, hiyo ndiyo kazi ya msichana mweupe aliyechorwa kwenye kopo la mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinadhuru, lakini hakuna kopo lenye picha ya ngozi iliyoungua. Kwa hiyo pale ambapo picha inauza kweli, mara nyingi inauza kwa uongo.

Sasa tulinganishe na soko la maharage la huko huko Buhigwe. Mama ameweka gunia lake chini, hana bango wala picha. Mnunuzi anatumbukiza mkono hadi chini ya gunia, anatoa punje, anazitazama, anauma moja. Zikiwa kavu wanapatana bei. Nilipoona hivyo nilikumbuka habari iliyo mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) sokoni Madina, alipotia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuweka ule ulioloa juu watu wauone, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika sisi. Yule mama wa Buhigwe anatangaza bidhaa yake kwa kuifunua bidhaa yenyewe. Mwenye kalenda anamfunua mwanamke na kuificha bidhaa.

Lakini hapa kuna mtego, na baadhi yetu tumeuingia. Tukifurahia sana tafiti hizo, tukawaambia wafanyabiashara, “Acheni, maana haziuzi,” tutajibu nini siku ukitoka utafiti mwingine unaosema zinauza? Tutanyamaza? Ikiwa hoja yetu ni faida peke yake, basi tumekubali kwamba heshima ya mwanamke ina bei, na tunachobishania ni kiasi tu.

Uislamu haukujenga hoja yake hivyo. Qur’an ilipozungumzia ulevi na kamari katika Surat al-Baqara haikukana kwamba vina manufaa kwa watu. Ilikiri, kisha ikasema madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Na Mtume (s.a.w.) alipowaonya wafanyabiashara juu ya viapo hakusema kwamba kiapo hakiuzi. Alifundisha kwamba kiapo huitoa bidhaa na huifuta baraka. Tafakari, ndugu yangu. Kuuza ni jambo moja, baraka ni jambo lingine, na muuzaji anaweza kulipata la kwanza akalikosa la pili.

Tusisahau pia kwamba katika Surat an-Nur amri ya kuinamisha macho iliwaanza wanaume, kabla ya wanawake kuambiwa lolote. Kwa hiyo tusiishie kumlaani msichana wa kwenye picha, ambaye huenda alilipwa ujira mdogo na hajui picha yake imefika Manyovu. Yupo aliyemlipa, aliyempiga picha, aliyechapisha, aliyesambaza na aliyetundika. Na yupo anayetazama.

Kipimo kiko mikononi mwetu. Kijana yule hakusoma utafiti wowote, lakini mama mkwe akiingia anaigeuza kalenda. Mkono wake unajua kile ambacho ulimi wake unakitetea. Basi wewe mwenye duka Kariakoo, Mwanga au Ujiji, wewe mwenye kiwanda cha uchapaji, wewe wakala wa vinywaji na simu, kabla hujaidhinisha picha jiulize: mama mkwe akiingia dukani, nitaigeuza? Ikiwa jibu ni ndiyo, usimtundikie mama mkwe wa mwenzako.

Mnyororo tuliununua. Ulikuwa mzuri, ukatufikisha salama. Ila kampuni iliyogharimia ile kalenda siikumbuki jina.

Wabillahi tawfiq.