Ng'ombe wa Mchungaji na Mshahara wa Dada wa Kazi

Mapenzi kati ya mwenye nyumba na mtumishi wake yamehifadhiwa katika historia ya Afrika Mashariki zaidi kwa majina ya watoto kuliko kwa maneno ya mama zao, na kwa sababu hiyo anayetaka kuyatafakari, awe mkazi wa Bariadi mjini au wa kijiji cha mbali wilayani Meatu, analazimika kuanza na swali ambalo wasimulizi wengi huliruka, yaani kama yule aliyekuwa chini aliweza kukataa na bado akawa na mahali pa kulala na chakula cha kesho yake. Swali hili haliulizwi ili kuyakana mapenzi hayo. Watu wa matabaka mbalimbali wamependana kwa dhati tangu zamani, wakazeeka pamoja na kuzikana kwa heshima, na si haki kudai kwamba kila mtumishi aliyeolewa na tajiri wake alilazimishwa au alifuata mali. Linaulizwa kwa sababu mapenzi ya watu wawili wasiolingana kwa nguvu hayawezi kujulikana kwa kumsikiliza mwenye nguvu peke yake.

Mfano ulioandikwa kwa undani unatoka Zanzibar ya karne ya 19, katika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Humo waliishi masuria, yaani wanawake watumwa ambao bwana wao aliruhusiwa na sheria iliyofuatwa wakati huo kuishi nao kama wake bila kufunga nao ndoa, na watoto wote 36 waliokuwa hai Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 walikuwa wamezaliwa na wanawake wa kundi hilo. Mmoja wao alikuwa Jilfidan, ambaye habari zake zinajulikana kwa sababu binti yake Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake nchini Ujerumani mwaka 1886. Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo, Jilfidan alikuwa Mcherkesi, wa watu wa milima ya Kaukazi. Wazazi wake waliuawa na wavamizi, yeye na ndugu zake wawili wakachukuliwa na kutenganishwa, naye akafikishwa kwa Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, umri wa kung'oka meno ya utoto. Alikuzwa pamoja na mabinti wawili wa bwana wake waliolingana naye kwa umri, akajifunza kusoma, na alipokua akawa suria wa yule yule aliyemlea.

Salme anamweleza mama yake kuwa mwanamke mpole aliyependwa kwa jinsi alivyowahudumia wagonjwa na wenye shida, na baba yake anamweleza kwa upendo wa binti aliyelelewa vizuri. Hakuna sababu ya kuukataa ushahidi huo, na inawezekana kabisa kwamba Jilfidan, aliyefariki kwa kipindupindu mwaka 1859, alimpenda Sayyid Said. Lakini kama alimpenda, alimpenda ndani ya nyumba ambayo hakuwa na njia ya kutoka wala kwao pa kurudi, na mtu aliyemlinda ndiye huyo huyo aliyemmiliki. Mtoto wa miaka saba hachagui atakayemlea, na msichana aliyekulia humo hakuwa na mwanamume mwingine wa kumlinganisha naye. Anayeyaita maisha hayo kisa cha mapenzi hakosei moja kwa moja, ila anakuwa amesimulia nusu tu ya habari.

Sheria yenyewe iliweka tofauti ya ajabu kati ya mama na mtoto. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na sawa na mtoto wa mke wa ndoa, hata akaweza kushika utawala: Majid, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1856 hadi 1870, alikuwa mwana wa suria Mcherkesi, na Barghash, aliyemfuata hadi 1888, alikuwa mwana wa suria Mhabeshi. Mama naye alipata kinga, kwa kuwa suria aliyezaa na bwana wake hakupaswa kuuzwa na alikuwa huru bwana huyo akifa, jambo lenye maana kwamba heshima ilimfikia mtoto siku ya kuzaliwa na uhuru ukamfikia mama siku ya msiba. Hata amri ya mwaka 1897 iliyoondoa nguvu ya kisheria ya utumwa Zanzibar iliwaacha masuria pale walipokuwa, kwa hoja kwamba walikuwa na hadhi ya wake, isipokuwa yule aliyeomba kuachiwa kwa sababu ya ukatili. Walifikiwa na uhuru kamili mwaka 1909, na sheria ya mwaka huo bado iliweka sharti zito, kwamba suria atakayeondoka bila ridhaa ya bwana wake apoteze haki ya kukaa na watoto aliozaa naye. Ni vigumu kupata katika sheria za eneo hili sharti linaloonyesha wazi zaidi jinsi mapenzi, au kile kilichoitwa mapenzi, yalivyoweza kutumiwa kumfunga mwanamke mahali ambapo mnyororo ulikuwa umekatwa.

Katika Usukuma wa mashariki, kwenye tawala za watemi wa Ntuzu, Itilima na Kanadi ambazo leo zimo ndani ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, kanuni ilielekea upande wa pili kabisa. Huko ndoa ilisimama kwa kukwa, yaani kutoa ng'ombe wa mahari kwa ukoo wa msichana, na ng'ombe hao ndio walioamua mtoto ni wa nani. Palipokosekana ng'ombe, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, akakulia kwa babu yake mzaa mama, na baba mzazi, hata angekuwa na zizi lenye mamia ya ng'ombe, hakuwa na dai juu yake. Tajiri aliyezaa na msichana wa kazi bila kufika kwa wazazi wake alikuwa amezaa mtoto wa watu wengine. Mwaka 1963, mwaka ule ule utawala wa watemi ulipofutwa, serikali ilitangaza Agizo la Sheria za Mila kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, kazi iliyotegemea sana utafiti wa Hans Cory, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu juu ya sheria na mila za Wasukuma, na humo njia ya baba kumpata mtoto wa nje ya ndoa ikaandikwa waziwazi: amwoe mama wa mtoto, au alipe shilingi 100 kwa baba wa msichana kabla mtoto hajaachishwa ziwa.

Zanzibar ilimpa baba mtoto wa suria. Usukuma ulimpa babu mtoto wa msichana asiyetolewa mahari. Katika sehemu zote mbili mwanamke mwenyewe alizungumziwa na wengine, na huo ni upungufu ambao hauwezi kufunikwa kwa kuisifu mila. Hata hivyo ipo tofauti moja ambayo ni kubwa kuliko inavyoonekana, nayo ni kwamba msichana wa Ntuzu alikuwa na kwao. Alikuwa na baba mwenye dai, kaka waliongojea ng'ombe wa mahari yake ili nao waoe, na nyumba ya mama ambayo angeweza kurudi kwa miguu. Jilfidan hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na pengine ndiyo sababu upole wake ulisifiwa sana.

Lakini mahusiano ya mwajiri na mtumishi katika nchi ya wafugaji hayakuanzia jikoni bali zizini. Familia yenye ng'ombe wengi kuliko watoto wake humchukua kijana wa familia nyingine awe mchungaji, na kwa desturi ya maeneo mengi ya Usukuma kijana huyo amekuwa akilipwa mtamba, yaani ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa, baada ya kila mwaka wa kazi, ingawa siku hizi wengi hulipwa fedha. Kijana wa namna hiyo hula kwa mwajiri, hulala kwa mwajiri na huwaona mabinti wa mwajiri kila siku wakienda kisimani au kulima pamba, na haishangazi kwamba baadhi yao wamependana. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ujira wake ulikuwa wa aina moja na mahari. Mtamba wa mwaka wa kwanza huzaa, ndama wake nao hukua, na kijana mvumilivu aliyechunga miaka mingi bila ukame wala wezi kumwingilia aliweza kufika siku ambayo ng'ombe aliolipwa na tajiri walirudi katika zizi la tajiri huyo huyo wakiwa mahari ya binti yake, au la tajiri mwingine kwa binti mwingine. Njia hiyo ilikuwa ndefu, na wazazi wengi waliikataa kwa kiburi cha mali, lakini ilikuwapo, na kila mtu kijijini aliijua. Mtumishi wa kiume alikuwa na ngazi ya kupanda kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mtumishi wa kike hakuwa nayo, na bado hana. Msichana anayetoka Itilima au Meatu kwenda kuwa dada wa kazi Bariadi, Mwanza au Dar es Salaam hulipwa shilingi, na mara nyingi hulipwa pungufu au hutumiwa wazazi wake bila yeye kuzishika. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi, na amri iliyofuata, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikakifikisha shilingi 60,000. Hata angezihifadhi zote, mila haina mahali ambapo msichana hupeleka ng'ombe ili ampate amtakaye. Yeye huletewa, na anayeleta ndiye anayeanza mazungumzo. Hivyo mwajiri anapomtamkia mapenzi, anayemsikiliza ni mtu ambaye mshahara wake, kitanda chake na nauli yake ya kurudi nyumbani viko mikononi mwa msemaji, na ambaye mara nyingi amefundishwa na wazazi wake kumheshimu mwenye nyumba huyo kama baba.

Wapo watakaokumbusha kwamba vijana wa Kisukuma nao wana chagulaga, ile desturi ya kundi la wavulana kumzunguka msichana, hasa baada ya ngoma au mnada, na kumtaka achague mmoja wao. Desturi hiyo imekosolewa, na imekosolewa kwa haki, kwa kuwa msichana aliyezungukwa njiani gizani hana uhuru wa kuwakataa wote. Pamoja na kasoro hiyo, yenyewe angalau ilikiri kwamba neno la msichana ndilo linalongojewa, na waliomzunguka hawakuwa waajiri wake. Katika nyumba ya mwajiri anayeuliza ni mmoja, hakuna mwenzake wa kulinganishwa naye, na jibu la hapana lina gharama iliyokwisha kujulikana kabla ya swali kuulizwa.

Sheria ya nchi imejaribu kuziba baadhi ya mapengo haya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili na haiihesabu ndoa kuwa batili kwa sababu tu mahari haikutolewa. Tena katika kifungu cha 160 inadhania kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa ni mume na mke. Dhana hiyo humsaidia mwanamke aliyeingia katika nyumba kama mfanyakazi na kugeuka mke bila sherehe, mradi majirani wathibitishe kwamba walimjua kama mke, na hapo ndipo ugumu unapoanzia, maana mwajiri anayemficha humtambulisha kwa wageni kuwa ni dada wa kazi hata baada ya watoto wawili. Kuhusu watoto, sheria ya mwaka 1949 ilimruhusu mama asiyeolewa kudai matunzo lakini ikaweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, kikomo kilichobaki katika vitabu mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta na kuiachia mahakama kupima uwezo wa baba na mahitaji ya mtoto. Msichana wa miaka ya 2000 aliyerudi kijijini na mimba ya mwajiri wake alikuwa na haki ya kisheria ambayo thamani yake haikutosha hata kununua sabuni ya kufulia nepi.

Mwajiri anayempenda kweli msichana anayefanya kazi nyumbani kwake ana njia iliyo wazi, nayo inapatikana ndani ya mila yenyewe bila kungoja sheria mpya, kwa sababu posa ya heshima hupelekwa kwa wazazi wa msichana. Amlipe kwanza mshahara wake wote, kwa kuwa mahari ni mali ya wazazi na mshahara ni mali yake mwenyewe, ampe na nauli, msichana arudi kwao Meatu au Itilima akae na mama yake na dada zake, kisha mshenga aende huko kama anavyokwenda kwa binti wa mtu yeyote, huku nafasi ya kazi aliyoiacha ikiwa imekwisha kujazwa na mtu mwingine ili asione kwamba kukubali ndiyo njia pekee ya kupokewa tena katika nyumba ile. Hapo wazee watazungumza juu ya ng'ombe kama kawaida yao, na yeye ataulizwa akiwa nyumbani kwao. Akikubali, ataingia katika nyumba ile kwa mlango wa mbele, akiwa na ukoo nyuma yake. Akikataa, mwajiri hana anachomdai, majirani hawana cha kumwuliza, na mshenga atanyanyuka na kuaga kama alivyokwisha kuaga katika nyumba nyingine nyingi.