Elimu ya Juu na Deni Lake: Nani Hulipa?

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari, lakini hawakusema kwamba nauli ya jahazi hutolewa bure. Katika Arua na Koboko, kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, wazazi hurudia swali lile lile: je, yafaa kuuza ng'ombe, na pengine sehemu ya shamba la ukoo, ili kijana mmoja aende chuo kikuu?

Zamani swali hili halikuwa zito hivi. Hadi miaka ya 1980, mwanafunzi aliyechaguliwa kuingia Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922, aligharimiwa na serikali masomo na malazi. Walioingia walikuwa wachache, lakini hawakutoka na deni ila la shukrani. Tangu miaka ya 1990 wengi hujilipia. Kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Muni mjini Arua mwaka 2013 kuliwapunguzia baadhi yao safari ya Kampala, na mwaka 2014 iliundwa bodi ya serikali ya kuwakopesha wanafunzi wahitaji. Hata hivyo, si kila mhitaji apataye mkopo. Mzigo hurudi nyumbani.

Wako wasemao kwamba shahada haina faida, kwa kuwa wenye shahada wengi hawana kazi, ilhali seremala au mwenye duka mjini Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, anakula jasho lake. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Lau thamani ya elimu ingekuwa mshahara tu, tungezifunga shule siku mishahara ishukapo. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini Arua hamwulizi daktari analipwa kiasi gani, anamhitaji tu.

Wengine husema elimu haina bei, basi na kiuzwe chochote. Hawa nao husahau kuuliza kitu hicho ni cha nani. Ng'ombe akiuzwa, huenda akapatikana mwingine. Ardhi ya ukoo ikiuzwa, ni shida kurudi. Juu yake wanaishi bibi, shangazi na wadogo wasioulizwa, na pengine binti huachishwa shule ili kaka yake amalize. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa achezaye harusini siye akaaye matanga.

Kwa hiyo tusipime ukubwa wa deni tu, bali tutazame bega linalolibeba. Deni atakalolipa msomi mwenyewe kwa kazi yake ni deni la haki, hata likiwa kubwa. Deni linalokula haki ya asiyeulizwa ni dhuluma, hata likizaa shahada.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi na msaada, ni msaliti. Wakati ule mlipaji alikuwa taifa. Leo mfano huo unachoma zaidi, kwani aliyelala njaa ni mama yake mwenyewe.

Basi sisi walimu, tunaoombwa shauri, tuwaeleze wazazi gharama zote kabla ya kuuza kitu. Tuwahimize wakae kikao na wote wenye haki, na kijana naye aseme atarudisha nini, na kwa nani. Asiye na jibu asubiri mwaka mmoja. Chuo hakihami, shamba lililouzwa limekwisha kuhama.