Salfa, Mkorosho na Kipimo cha Dharura

Katika Masasi na Newala, wilaya za kusini mwa Tanzania, swali la mipaka ya mamlaka ya binadamu juu ya ardhi hujitokeza katika matumizi ya salfa, unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, yaani ukungu unaoshambulia machipukizi na maua wakati wa kiangazi. Ugonjwa huo ulichangia kuporomoka kwa zao la korosho nchini, ambalo lilifikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 na kushuka chini ya tani 20,000 miaka ya 1980. Hivyo apulizaye salfa huitetea riziki ya nyumba yake.

Hata hivyo, sehemu ya unga huo huanguka chini, ambako bakteria huugeuza kuwa tindikali, na udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, wenye mboji kidogo, hauna nguvu ya kuizimua, kwa hiyo rutuba huchujwa na mvua na mimea inayopandwa kati ya mikorosho hudhoofika. Ugumu wa kimaadili uko hapo: hakuna upulizaji hata mmoja unaoweza kuitwa dhuluma, ilhali jumla yake ni madhara.

Waislamu hufundishwa kwamba binadamu ni khalifa, yaani msimamizi aliyekabidhiwa dunia, na Wakristo, ambao misheni yao Masasi ilianza mwaka 1876, husoma katika Mambo ya Walawi kwamba ardhi ni ya Mungu. Kama ardhi ni amana, nia njema humpunguzia mtu lawama lakini haimwondolei wajibu wa kujua hali ya alichokabidhiwa.

Fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, ina kanuni inayofaa hapa: kinachoruhusiwa kwa dharura huruhusiwa kwa kadiri ya dharura hiyo tu. Udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kuunganisha mbinu kadhaa na kuiacha sumu iwe ya mwisho, hufuata mantiki hiyohiyo, kwa kuwa mkulima hupogolea matawi, hupanda miche stahimilivu iliyotafitiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, huwaacha sisimizi wa majimoto wawinde mbu wa mikorosho, yaani wadudu wanaofyonza machipukizi yake, na hupuliza baada ya kukagua maua, si kwa mazoea.

Lakini kadiri ya dharura haijulikani bila kupima, na vipimo vya udongo haviko mikononi mwa kila mkulima; kwa hiyo mwenye elimu anayenyamaza hubeba sehemu kubwa zaidi ya dhima kuliko mwenye shamba asiyeambiwa.