Mvumo na Uvumi



Kiswahili kimeweka maneno mawili karibu sana: mvumo na uvumi. Yote mawili yametoka kwa kuvuma. Mvumo ni ile sauti ya chini isiyokatika, kama nyuki ndani ya mzinga. Uvumi hauhitaji kuelezwa hapa Voi. Swali langu ni hili: mtu akisikia mvumo, na hajajua unatoka wapi, aseme nini, na amwambie nani?

Nina sababu ya kuuliza. Juzi tulikuwa watu wanne ndani ya gari langu, tunaenda maombi Wundanyi. Tulipoiacha barabara kuu na malori yake tukashika ya Mwatate, ndipo tukausikia. Vuuuu. Kijana wa kwaya akasema tuongeze redio. Mzee akasema ni giaboksi hiyo. Mama aliyekaa nyuma upande wa kulia akasema, "Inatoka hapa chini yangu. Si ni hapa yule kijana alibadilisha breki wiki jana?" Huyo kijana ni fundi, na ni mshirika mwenzetu. (Yeye na Mama wameniruhusu kuandika haya.)

Sasa, gari ukiliuliza vizuri linajibu. Nilishika mwendo ule ule, kilomita 60 kwa saa, nikatoka gia ya nne nikaingia ya tatu. Injini ikapiga kelele zaidi, lakini mvumo haukubadilika. Basi si injini. Nikapunguza mwendo, mvumo ukashuka pamoja nao. Basi ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu. Tairi? Tairi iliyolika vibaya nayo huvuma, ila sauti yake hubadilika lami ikibadilika. Sisi tulipita kwenye lami laini na kwenye viraka, sauti ni ile ile. Nikaanza kushuku beringi. Kwenye kona ya kulia uzito wa gari hulalia kushoto, na kila kona ya kulia mvumo ulipanda. Kona ya kushoto, karibu unyamaze.

Mwatate tukasimama mahali tambarare, tukaziba tairi kwa mawe, tukapiga jeki. Nikazungusha gurudumu la mbele kushoto kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye springi. Weh! Ni kama kinu kinachosaga mchanga. La nyuma kulia lilizunguka kimya kabisa, na yule fundi hakuwa amegusa mbele. Simcheki Mama. Ndani ya gari sauti hupita kwenye bodi na kudanganya masikio, na kila mtu huisikia pale anaposhuku. Gari tukaliacha hapo, maana beringi ikiisha gurudumu hulegea, na zile kona za kupanda Wundanyi si za kujaribia. Tukapanda matatu.

Lakini kabla hata hatujafika Mwatate, ujumbe ulikuwa umeshaingia kwenye kikundi cha WhatsApp: "Kuna mtu mwingine ametengenezewa gari na huyu kijana akapata shida?" Mama anasema, tena kwa moyo safi, kwamba hakumshtaki mtu. Aliuliza tu.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Someni Yoshua 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yamejenga madhabahu, habari imefika, Israeli wote wamekusanyika Shilo tayari kwa vita. Lakini kwanza wanamtuma Finehasi na wakuu 10. Nao hawaendi na maneno matamu, wanauliza kwa ukali: uasi gani huu? Tofauti ni kwamba walivuka mto, wakawauliza wale wale waliojenga. Wakajibiwa kwamba ile ilikuwa ya ushahidi tu, si ya sadaka, na vita vikaisha kabla ya kuanza. Swali lile lile wangeliulizana wenyewe kwa wenyewe pale Shilo, nani angelijibu?

Kwa hiyo Mama kusema ndani ya gari, mbele ya dereva, ilikuwa haki yake. Naona hata ilikuwa wajibu wake, kuliko ile dawa ya kuongeza redio. Kwenye kikundi, maneno yale yale yalienda kwa watu wasioweza kujua chochote kuhusu gurudumu lile. Walichoweza ni kuongeza tu. Na waliongeza: mmoja akakumbuka taa, mwingine akakumbuka bei.

Jioni ile Mama aliandika tena: ni beringi, mbele kushoto, kijana hana hatia. Nampa heshima yake, si wengi wanaorudi. Ujumbe wa kwanza ulijibiwa na watu 19. Wa pili umepata "Amina" 2. Wateja wawili wa fundi walighairi wiki hiyo. Mama ameshalipa deni lake. Wale 19 je? Wengi wao wanasoma hapa, na gereji ya kijana iko wazi hadi saa kumi na mbili jioni.