Saa Moja Asubuhi, Saa Moja Usiku

Kijana wa mtaa wa pili alikuja kwangu wiki ile masika yalipoanza kupungua. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye ngazi bila kungoja kukaribishwa. "Mama, naomba unishauri. Yule mbwa niliyemwokota ana kifafa. Nyumbani wananiambia nimrudishe nilikomtoa."

Alikomtoa ni ndani ya kalavati nyuma ya soko, hapahapa Morogoro. Alimkuta amelowa, mbavu zinahesabika, kamba imemla shingo. Akamfunika shati lake, akambeba, akamwita Simba. Baada ya miezi michache Simba alikuwa anaijua sauti ya pikipiki ya bwana wake tangu iko barabarani. Kisha jioni moja akaanguka uani, miguu inapiga kama anaogelea, povu linamtoka, mkojo unamtiririka. Mmoja akakimbilia kijiko amtie mdomoni. Mwingine akasema ni kichaa, aletewe rungu.

Kabla ya lolote nilimwuliza: amechanjwa? Huruma isiyo na tahadhari huua watu. Mbwa wa mtaani ambaye hujui chanjo yake akianza kutapatapa, fikiria kwanza kichaa cha mbwa. Usiguse mate yake, afungiwe peke yake, daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Simba alikuwa na kadi yake ya chanjo, na hadi siku hiyo alikuwa ameanguka mara tatu katika wiki saba. Kati ya mianguko hiyo alikula, alicheza, alilinda geti. Mbwa mwenye kichaa hapati wiki saba za kucheza. Dalili zikishatokea hufa baada ya siku chache. Daktari alimpima damu, akatafuta sumu, akaangalia ini, mwisho akasema ni kifafa.

Basi nikamwambia kijana: mwanangu, siku ulipomtoa kwenye kalavati ulimpa ahadi, na yeye hana mdomo wa kukudai. Ukimrudisha leo utakuwa umemtesa kuliko yule aliyemfunga kamba, kwa sababu yule hakumfundisha kumngoja mtu.

Sisi wa mkoa huu hatuna udhuru. Huko Mahenge, wilayani Ulanga, kifafa kimewasumbua watu kwa vizazi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko miaka ya 1960, alikuta wagonjwa waliotengewa sahani wale peke yao, kwa kuwa mate yao yaliogopwa. Wengine walikuwa na makovu ya moto: walianguka mekoni, na hakuna aliyethubutu kuwashika kuwatoa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Dawa iliyowainua wengi pale ni fenobabitoni, na ndiyo hiyohiyo daktari aliyomwandikia Simba. Anayezoea kumkimbia mbwa aliyeanguka, siku moja atamkimbia mtoto wa jirani.

Mama yake kijana alikuwa na hofu nyingine, nayo naiheshimu: yeye huswali, na mate ya mbwa ni najisi. Lakini najisi huoshwa, maji mara saba, moja kwa udongo, na mama huyo anajua. Anajua pia kisa alichosimulia Mtume cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Tukakubaliana: vyombo vya Simba vikae nje, na nguo ya kumhudumia iwe moja maalumu.

Akianguka, kazi yako ni ndogo na ni ngumu. Ondoa viti na mawe karibu naye, zima redio, punguza taa, tazama saa. Usimtie kitu mdomoni wala mkono wako. Hamezi ulimi, ila meno yakibana yatakukata naye hajui. Zikipita dakika tano, au akianguka mara mbili na zaidi ndani ya saa 24, apelekwe kwa daktari haraka. Akiinuka anaweza asione kwa muda, akagonga kuta, akazunguka kama mlevi. Mwite polepole. Na dawa itamtia njaa, kiu na mkojo mwingi. Atakayempiga kwa kulowesha sakafu anampigia dawa aliyompa mwenyewe.

Vidonge ni kila baada ya saa 12, kwa kipimo cha daktari, si cha kukisia. Hapa naungama. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mbwa jike mwenye ugonjwa huu. Vidonge viliisha Ijumaa. Alikuwa na miezi minne hajaanguka, nikajiambia amepona, nitanunua Jumatatu. Sikujua kwamba kuikatiza dawa hiyo ghafla kwenyewe huleta degedege. Jumapili alfajiri alianguka mara tano. Nilipiga magoti kando yake kwenye saruji, macho yake wazi, hayanioni. Jua lilipotoka alijikokota, akagonga mlango, akagonga ndoo, kisha akaja kulaza kidevu kwenye mkono wangu, uleule uliomnyima.

Sisemi kila mtu ataweza. Usipoweza, sema mapema, mtafutie mtu aliyekubali huku akijua ugonjwa, umkabidhi na vidonge vyake. Na kama dawa zimeshindwa, mnyama anaanguka mfululizo, hali chakula, daktari akashauri sindano ya kumpumzisha, hiyo si dhambi. Kaa naye mpaka mwisho. Ila uchovu wako usiuite mateso yake.

Kijana aliondoka bila kuniahidi kitu. Juzi usiku alinipigia simu, anahema. Alikuwa safarini Kilosa. Dada yake mdogo, wa darasa la sita, ndiye aliyebaki na Simba. "Mama, ameanguka tena. Mdogo wangu amempimia saa mwenyewe, dakika moja na nusu. Sasa ameamka, anataka ugali."