Kuzima mashine ya kupumulia ni kuua?

LIPO swali ambalo masheikh wetu wa mijini huulizwa, na ambalo hulikuti katika vitabu vya fiq'hi vya zamani. Mzee yuko chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inampumulia, madaktari wanaomba idhini ya kuizima. Je, familia ikikubali, imeua?

Hulikuti kwa sababu jambo lenyewe ni la juzi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na polio. Waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa mfululizo, mpaka daktari wa nusu kaputi, Bjørn Ibsen, aliposhauri watobolewe koo, watiwe mpira, na hewa isukumwe kwa mfuko unaobinywa kwa mkono. Waliobinya ni wanafunzi wa udaktari, kwa zamu, usiku na mchana. Vifo vikapungua sana.

Sasa ndugu msomaji, weka mkono wa mwanafunzi yule mahali pa mashine. Angeuachia mfuko kwa kuchoka, hali mgonjwa ana tamaa ya kupona, nani angesita kumlaumu? Lakini kama mgonjwa ameshakufa, na yeye anaendelea kubinya, amemshikilia nani?

Hapo ndipo wanazuoni walipofikia. Baraza la Kimataifa la Fiq'hi la Kiislamu, lililokutana Amman Oktoba 1986, lilikubali kwamba ubongo wote ukikoma kabisa kufanya kazi, madaktari bingwa wakathibitisha kuwa haurudi tena na umeanza kuharibika, mtu huyo amekufa, hata kama moyo unadunda kwa msaada wa mashine. Baraza la Fiq'hi la Rabita, Makka, mwaka 1987, nalo liliruhusu kuizima, lakini likasema hahukumiwi kuwa maiti mpaka moyo na pumzi visimame baada ya kuondolewa.

Usidhani tofauti hiyo ni ya maneno tu. Eda ya mjane inaanza kuhesabiwa lini? Mwanawe akifa ajalini kati ya saa hizo mbili, nani amemrithi nani?

Wala tusichanganye mambo. Aliyezimia, ubongo wake ukiwa hai, si maiti, japo alale miezi. Na anayefikishwa hospitali akikoroma damu kooni hana nafasi ya kusubiri kikao cha ukoo, kwani ubongo huanza kufa dakika chache tu baada ya kukosa hewa.

Kinachonitisha mimi ni bili. Familia iliyoishiwa fedha hutamani kusikia kwamba mgonjwa "ameshakwenda", kisha ikaita umaskini wake kadari. Umaskini si dhambi, lakini si kipimo cha kifo. Makka walitaka madaktari bingwa watatu wathibitishe. Kabla ya kutia saini, ulizeni: wamempima wangapi, na wamepima nini?